Beringi ya Baba Mdogo, na ile miaka miwili ya 1794 na 1795

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wengine mmeshaanza kunitania eti nimedisko. Sijadisko, wala sina sapu hata moja (kwa sasa, teh teh). Mwenzenu nilikuwa fildi nikifundisha, kisha kabla ya kurudi chuo nikapitia nyumbani Makambako kuwasalimia wazee. Huko ndo nilikokutana na jambo ninalotaka kuwasimulia leo. Ni historia, tena ya chuma. Wale wa Sayansi msijifanye mnaijua yote, na wale wa Fasihi vumilieni kidogo, mtafika.

Nianze na fildi. Siku moja nilikuwa Kidato cha Pili, mada ni ubepari wa viwanda. Nimejaza ubao: mvuke, nguo, makaa ya mawe, Uingereza. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, hayo ya Uingereza sisi yanatuhusu nini?" Nikamjibu lile jibu la kitabuni, kwamba viwanda vilihitaji malighafi na masoko, wakaja kututawala. Jibu ni la kweli kabisa. Lakini yule binti alikaa chini kwa namna ambayo kila aliyewahi kusimama mbele ya darasa anaijua. Hakuridhika, na mimi sikuridhika. Nikaondoka na swali lile mpaka nyumbani.

Nyumbani nikamkuta baba mdogo kachuchumaa kando ya pikapu yake, sikio kaliweka karibu na gurudumu la nyuma la kushoto, kijana wa jirani analizungusha. Gurudumu linanguruma "uuuu", kama mtu anayesaga mahindi mbali.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Beringi imekufa."

Sasa lazima niwaambie kwa nini sentensi hiyo ilinishtua. Nilipokuwa na miaka 12, pikapu ile ile, tukitoka shamba na viazi, mimi nikiwa juu ya magunia, niliona gurudumu linatupita. Naam, linatupita! Gurudumu pamoja na ekseli yake vimechomoka, vinakimbia mbele yetu kuelekea bondeni kama vina haraka kuliko sisi. Pikapu ikalala ubavu kwenye tuta la mchanga. Hakuna aliyekufa, Mungu ni mwema. Ila tulikuwa watu 7 juu ya yale magunia. Mwezi mmoja kabla ya hapo beringi ilikuwa imebadilishwa na fundi mmoja mjini, ambaye aliichoma kwa mtungi wa gesi mpaka ikawa nyekundu, akaigonga ikatoka. Tangu siku hiyo baba mdogo hampi mtu mwingine ekseli yake.

Mtaniuliza, beringi tu inawezaje kung'oa gurudumu? Hapa ndipo inabidi muelewe mkao wenyewe. Kwenye pikapu nyingi za namna hii, ekseli ya nyuma ni fimbo ya chuma pua inayotoka kwenye difu mpaka kwenye gurudumu. Beringi imevalishwa kwenye fimbo hiyo, na nyuma yake imevalishwa pete nyingine nene ya chuma ya kuishikilia. Beringi yenyewe inafungwa kwenye mwisho wa nyumba ya ekseli kwa boliti nne. Lakini pete ile haina nati. Haina uzi, haina pini. Inashika kwa sababu tundu lake ni dogo kidogo kuliko fimbo, basi. Imekandamizwa kwa nguvu, na chuma kimebana chuma. Ukiichoma moto hovyo, au ukiikwaruza fimbo, mbano unalegea. Pete ikiteleza, hakuna kinachoizuia ekseli kutoka nje, na gurudumu lako litakupita barabarani.

Kwa hiyo beringi ni kitu cha ajabu. Kazi yake ni kulifanya gurudumu lizunguke kwa wepesi, lakini haiwezi kuifanya kazi hiyo mpaka yenyewe ishikwe isiteleze hata kidogo. Ni vitu viwili, wepesi na mbano. Jioni ile, nikiwa na kitabu changu na simu yenye bando la kuungaunga, niligundua kwamba kila kimoja kina historia yake, na kwamba historia hizo mbili zinakaribiana kwa namna ya kuchekesha.

Tuanze na wepesi.

Watu wamejua siku nyingi kwamba kuviringisha ni rahisi kuliko kuburuta. Huko Italia, kwenye ziwa Nemi, walipoliteremsha maji kati ya 1929 na 1932 walizitoa meli mbili za mfalme Caligula wa Roma, aliyetawala mwaka 37 hadi 41. Ndani yake walikuta mabaki ya jukwaa la kuzunguka, na chini yake vitufe vya shaba nyeusi. Gololi hizo, ndugu zangu! Karibu miaka 2000 iliyopita. Leonardo da Vinci naye alichora vitu vya namna hiyo kwenye daftari zake miaka ya 1490.

Lakini gololi kwenye ekseli ya gari, kwa hati ya kisheria, ni mwaka 1794. Philip Vaughan, mwenye kazi za chuma huko Carmarthen, Wales, alipewa hataza ya kuweka vitufe kwenye mfereji kati ya ekseli na gurudumu la gari la farasi. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Tatizo, wakati ule hakuna aliyeweza kutengeneza vitufe vingi vya chuma kigumu vinavyolingana. Gololi moja ikiwa kubwa kuliko wenzake, ndo inayobeba mzigo wote peke yake, na ndo inayopasuka. Wazo zuri likakaa muda mrefu likingoja mikono ya kulifanya.

Kilicholiamsha ni baiskeli. Mwaka 1869 Mfaransa Jules Suriray wa Paris alipata hataza ya beringi ya gololi kwa ajili ya baiskeli, na mwaka huo huo James Moore akashinda mashindano ya Paris hadi Rouen akiwa juu ya baiskeli yenye beringi hizo. Kisha mwaka 1883 Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, akabuni mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja zikatoka duara na sawasawa. Hapo sasa! Kutoka 1794 mpaka 1883 ni miaka 89 ya kungoja kitu kidogo kama punje ya njegere kiwe duara kweli.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, akapata hataza ya beringi yenye vipande vya umbo la pia badala ya gololi, inayohimili mzigo wa juu na msukumo wa pembeni gari linapokata kona. Mwaka 1907 Sven Wingquist, mhandisi wa kiwanda cha nguo huko Göteborg, Sweden, akabuni beringi inayojirekebisha yenyewe. Kiwanda chake kilikuwa juu ya ardhi ya mfinyanzi, majengo yanatitia kidogo kidogo, shafti zinapinda, beringi zinakufa kila mara. Mwaka huo huo ikazaliwa kampuni ya SKF. Ukiingia duka lolote la spea utalikuta jina hilo kwenye maboksi, mengine halali na mengine ya kuiga.

Na msidhani ni mambo ya karakana tu. Tarehe 17 Agosti 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walituma ndege kuipiga Regensburg na ule mji wa Schweinfurt, kwa sababu sehemu kubwa ya beringi za Ujerumani zilitengenezwa Schweinfurt. Bila beringi hakuna kifaru wala ndege. Siku hiyo walipoteza ndege 60. Tarehe 14 Oktoba wakarudi, wakapoteza nyingine 60, kila moja ikiwa na watu kama 10. Wajerumani wakavitawanya viwanda vyao, wakaendelea. Waingereza nao walikuwa wakizifuata beringi Sweden kwa ndege za kasi na boti za kukwepa doria usiku. Watu wamekufa kwa ajili ya gololi, wandugu. Ile ile tuliyochezea mchangani.

Sasa twende kwenye mbano, historia ambayo watu hawaizungumzi.

Mbano una umri mkubwa pia. Waselti wa Ulaya, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, walikuwa wakivisha magurudumu ya mbao pete ya chuma. Wanaichoma pete mpaka inatanuka, wanaivisha, wanaimwagia maji. Inaposinyaa inayakaza mbao zote kwa pamoja, na haitoki. Hawakuwa na hesabu ya mtanuko wa chuma, lakini mikono yao iliijua.

Lakini kama chuma kinabanwa kwa moto na baridi, utakitoaje bila kukiharibu? Unahitaji nguvu kubwa inayosukuma taratibu, siyo kugonga. Na nguvu hiyo ina tarehe. Mwaka 1795, yaani mwaka mmoja tu baada ya hataza ya Vaughan, fundi Joseph Bramah wa London alipewa hataza ya presi ya maji. Huyu bwana alikuwa maarufu kwa makufuli na kwa vyoo vya kuvuta maji, msicheke. Presi yake ilisimama juu ya kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Unasukuma bastola ndogo, maji yanapeleka msukumo ule ule kwenye bastola kubwa. Kama kubwa ina eneo mara 100 ya ndogo, basi ukisukuma kwa uzito wa kilo 10, upande wa pili unapata kilo 1000. Unalipa kwa kusukuma muda mrefu ili kubwa isogee kidogo.

Presi za jamii hiyo ndizo zilizokuja kuvisha magurudumu ya treni. Wale wa kwetu mnaijua TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita pale pale Makambako. Utoto wetu wote tumekaa kando ya reli tukihesabu mabehewa. Sikuwahi kujua kwamba gurudumu la behewa halifungwi kwa nati kwenye ekseli yake. Limekandamizwa, kama pete ya baba mdogo. Mabehewa yale yote ya shaba kutoka Zambia yanashuka mpaka Dar juu ya mbano.

1794 wepesi, 1795 mbano. Sidhani kama Vaughan na Bramah walikuwa na habari ya kufanya kazi moja. Lakini uani kwa baba mdogo kazi zao zilikutana, maana unajua mtoto wa presi ya Bramah tunamwitaje? Jeki ya chupa. Ile ile ya kunyanyulia gari.

Basi, kesho yake asubuhi tukaanza. Baba mdogo alikuwa na haraka, kesho kutwa siku ya soko, magunia ya watu yanangoja. Tukatoa gurudumu, ngoma ya breki, waya wa hendibreki na mpira wa breki, tukafungua zile nati nne, tukaivuta ekseli nje na bamba lake la breki. Jirani anayechomelea mageti alitutengenezea fremu ya vyuma vizito, tukaisimamisha ekseli ndani yake, jeki chini yake.

Baba mdogo akapampu. Jeki ikalia. Pete haikusogea. Akapampu tena. Nikaona chuma cha juu cha fremu kinaanza kupinda kama upinde.

"Baba, acha!"

"Kidogo tu, mwanangu, itaachia."

"Fremu inaachia kwanza! Toka hapo."

Sikuwahi kumpazia sauti baba mdogo maishani mwangu. Akaniangalia. Kisha akalegeza jeki, akakaa kwenye ndoo, akanyamaza. Nadhani sote wawili tulikuwa tunaliona gurudumu lile lile likikimbia bondeni. Chuma kilichobanwa kwa tani kadhaa kikiponyoka hakichagui pa kwenda. Baadaye akasema, "Haya mwalimu, tufanye taratibu."

Taratibu yenyewe ni hii, kwa yeyote atakayeihitaji. Tulivaa miwani ya kujikinga, maana chuma cha beringi ni kigumu na kikipasuka kinaruka kama risasi. Kwa grinda tukaikata pete upande mmoja, lakini siyo mpaka mwisho. Ukikata mpaka mwisho unaichora fimbo, na mchoro huo ndio msiba wa kesho. Tuliacha unene mdogo tu, tukaifunika kwa gunia zito, tukaweka tindo kwenye mkato, pigo moja la nyundo. "Tak!" Pete ikapasuka, ikateleza yenyewe kama pete ya mtu aliyekonda. Moto hatukuutumia kabisa kwenye ekseli, kwa sababu chuma pua kilichotiwa ugumu kiwandani kikichomwa kinaupoteza ule ugumu.

Mbano wa pete ulipokwisha, beringi haikuwa na ubishi mkubwa. Jirani aliongezea chuma kingine kwenye fremu, jeki ikapampwa polepole, sote tumesimama pembeni, na beringi ikatoka ikilalamika. Tukaipangusa ekseli, nikapitisha ukucha wangu pale pete ilipokaa. Laini, hakuna mkwaruzo. Baba mdogo naye akapitisha wake. Akapitisha tena.

Kuvisha ilikuwa zamu ya Waselti. Beringi mpya tuliisukuma kwa jeki, tukibana pete yake ya ndani tu, maana ukiisukuma kwa pete ya nje nguvu yote inapita kwenye gololi na unaiua kabla haijatembea. Lakini ile pete mpya ya kushikilia tuliipasha kwenye sufuria ya mafuta ya kupikia. Sufuria ni ya mama mdogo, na hilo ni kesi nyingine ambayo bado haijahukumiwa.

Hesabu yake nyie wa Fizikia mnaijua. Chuma pua kinatanuka kama sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii. Chukua tundu la milimita 40, lipashe kwa digrii 125 zaidi ya hewa ya nje, linapanuka milimita 0.06. Unene wa unywele, kwa makadirio! Tuliishika pete kwa koleo, tukaidondosha kwenye ekseli, ikashuka "tii" mpaka kwenye beringi. Kufumba na kufumbua ikawa imeshika. Nilijaribu kuizungusha kwa koleo. Weee! Kama imezaliwa pale.

Tulirudisha kila kitu, sili mpya ya oili, mafuta ya difu, tukatoa hewa kwenye breki. Baba mdogo akaendesha pikapu tupu, peke yake, mpaka Ilembula na kurudi. Akafungua gurudumu tena akakagua. Siku ya soko alibeba magunia tu. Watu walimwomba lifti, akawaambia kesho. Wakanuna. Yeye hakujieleza, na mimi nilielewa.

Nikiwa kwenye basi la kurudi chuo nikalifikiria lile swali la binti wa Kidato cha Pili. Yanatuhusu nini? Nadhani kosa langu lilikuwa kuanza na Uingereza halafu nikaja kwetu mwishoni, kama nyongeza. Ningeanza na gololi mkononi mwake. Ningemuuliza zile beringi kuukuu wadogo zake wanazofunga kwenye vigari vyao vya mbao zimetoka wapi. Kisha tungerudi nyuma pamoja, kwenye gereji, kwenye duka la spea, Göteborg, Schweinfurt, Carmarthen. Na pale pale ningemwambia kitu ambacho vitabu vyetu vinakiruka. Hataza zinatuambia nani aliyebuni. Hazituambii ni nani anayekifungua kitu kile kikifa, miaka 20 baadaye, uani, kwa jeki na tindo, huku magunia ya watu yanangoja. Hao nao wamo kwenye historia ya viwanda. Baba mdogo wangu yumo.

Ile nusu ya pete iliyopasuka ninayo hapa mezani, nimeitumia kama kibanio cha noti zangu. Rumu-meti wangu alitaka kuitupa jana, tumegombana. Fildi ijayo inaingia nayo darasani.

Haya, usiku umekwenda na kesho saa moja nina kipindi. Bumu likitoka nina deni la sufuria moja Makambako. Tuonane siku nyingine, na kama gurudumu lako linanguruma, tafadhali usiongeze sauti ya redio.